KardiaMobile 6L: nunua kwa ajili ya lidi II, si kwa neno "kawaida"

KardiaMobile 6L ni kifaa chembamba cha mfukoni, urefu wake kama sentimita 9 na upana kama 3, chenye elektrodi mbili upande wa juu na moja upande wa chini. Unashika zile za juu kwa vidole vya mikono yote miwili, ile ya chini unailaza kwenye ngozi ya goti la kushoto au kifundo cha mguu wa kushoto, na baada ya sekunde 30 simu inakuwa na mchoro wa ECG, yaani wa umeme wa moyo, wa lidi sita: I, II, III, aVR, aVL na aVF. Kila lidi ni upande mmoja wa kuutazama umeme huo. Watengenezaji wake ni AliveCor wa California, Marekani. Kilipata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2019, na kilipoingia sokoni kilitangazwa kwa dola 149.

Tunakipima hapa kwa kazi moja tu: kumwezesha muuguzi, tabibu au mgonjwa anayejifuatilia nyumbani kujua kama mdundo wa moyo unaanzia kwenye nodi ya sainasi, kianzishi cha asili cha mapigo, na kama mdundo huo wa sainasi wenyewe uko sawa. Kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri sana, na uzuri wake uko kwenye lidi II. Lile neno ambalo programu inaliandika juu ya mchoro lina thamani ndogo kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani, na anayelisoma neno bila kuusoma mchoro amelipia nusu ya kifaa.

Tuanze na neno hilo. Programu ikikuta mapigo kati ya 50 na 100 kwa dakika, bila dalili za fibrilesheni ya atria (vyumba vya juu vya moyo kutetemeka bila mpangilio), inaandika kwamba mdundo ni wa kawaida wa sainasi. Yakiwa kati ya 40 na 50 inaandika bradikadia (mapigo ya polepole), na kati ya 100 na 140 inaandika takikadia (mapigo ya kasi). Chini ya 40 au juu ya 140 mchoro unaangukia kwenye kundi la "haujaainishwa", ambako pia huenda michoro mingine ambayo programu haikuielewa. Vitabu vya tiba huanza kuhesabu bradikadia chini ya 60, kwa hiyo mtu mwenye mapigo 54 ataambiwa yuko kawaida na kifaa lakini ataitwa mwenye bradikadia ya sainasi hospitalini. Kwa mtu mzima asiye na dalili hakuna ubaya wowote hapo. Ubaya unaanza pale msomaji anapodhani neno "kawaida" limekagua na mambo mengine: umbo la wimbi P (umeme wa atria), muda wa PR (kutoka P hadi umeme wa ventrikali, vyumba vya chini, uanze), mahali mdundo ulipoanzia. Usilichukulie hivyo. Kuziba kwa njia ya umeme kati ya atria na ventrikali, kwa mfano, programu haikutajii kwa jina, na flata ya atria (atria kupiga kwa kasi sana lakini kwa mpangilio) pia haikutajii.

Sasa lidi II. Nodi ya sainasi iko juu, upande wa kulia wa atria ya kulia, karibu na mshipa mkubwa unaoingiza damu kutoka sehemu ya juu ya mwili. Umeme ukitoka hapo unasafiri kushuka na kuelekea kushoto. Ndiyo maana katika mdundo wa sainasi wimbi P linasimama, yaani linaelekea juu, katika lidi I, II na aVF, na linapinduka katika aVR. Saa za mkononi zenye ECG, na KardiaMobile ya lidi moja, zinakupa lidi I peke yake. Mdundo unaoanzia chini ya atria ya kulia unaweza kutoa wimbi P lililosimama vizuri kabisa katika lidi I, na msomaji akaandika "sainasi". Ukiongeza mguu, lidi II na aVF zinaonyesha P limepinduka, na jibu linabadilika. Hilo ndilo unalolipia zaidi unapochukua 6L badala ya ile ya lidi moja, na kwa maoni yetu linastahili gharama.

Na si ugunduzi mpya. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, alikuwa akiwaweka wagonjwa wake mikono miwili na mguu wa kushoto ndani ya maji ya chumvi, akapata lidi hizihizi I, II na III. Sehemu za mwili ni zilezile tatu.

Mchoro safi

Michoro mingi mibaya inatokana na ngozi. Mafuta ya kujipaka na losheni vinazuia umeme kupita. Osha vidole na goti kwa sabuni, kausha, halafu lainisha kidogo kwa maji au futa kwa spiriti. Mwenye vidole gumba vyenye sugu aweke vidole viwili vya kila mkono badala ya gumba. Mguu wenye nywele nyingi kwenye kifundo, hamia upande wa ndani wa goti. Nguo isikae kati ya elektrodi na ngozi, hata soksi nyepesi.

Mgonjwa akae dakika tano kabla ya kupimwa, mikono ikiegemea mapajani. Asikibane kifaa kama anayeogopa kukidondosha, kwa sababu misuli inayokaza inaandika nywelenywele juu ya mstari. Asizungumze. Simu iondolewe kwenye chaji, na msikae karibu na friji, jenereta au taa ya tyubu. Ndani ya mipangilio ya programu kuna kichujio cha umeme wa nyumbani: Tanzania, Kenya na Uganda umeme wetu ni wa hezi 50, ilhali Marekani ni hezi 60. Kifaa kilichotumwa na ndugu kutoka Marekani huku simu ikibaki na mpangilio wa huko kinaweza kukupa mstari mnene wenye meno madogomadogo yanayolingana, na mtu akadhani kifaa ni kibovu. Badilisha namba hiyo kwanza.

Mchoro ukiwa bado mchafu, usirudie kwa kubahatisha. Lidi zenyewe zinakuonyesha kosa liko wapi. Lidi I inapimwa kati ya mikono miwili, II kati ya mkono wa kulia na mguu, III kati ya mkono wa kushoto na mguu. Kwa hiyo I na II zikiwa chafu na III ikawa safi, tatizo liko mkono wa kulia. I na III chafu, II safi: mkono wa kushoto. II na III chafu, I safi: mguu. Usiangalie aVR, aVL na aVF kwa kazi hii, kwani kila moja inachanganya sehemu zote tatu na uchafu wa moja unaenea kwote.

Kosa lingine ni kukigeuza kifaa mkono wa kulia ukashika upande wa kushoto. Mchoro wake una alama isiyojificha: lidi I yote imepinduka, P, QRS (umeme wa ventrikali) na T (wimbi linaloifuata QRS) pamoja, huku aVR ikisimama. II na III zimebadilishana nafasi, aVL na aVR pia, ila aVF imebaki vilevile. Rekebisha mkao, rudia. Ikiwa mkao ni sahihi kabisa na lidi I bado imepinduka hivyo, fikiria moyo ulio upande wa kulia wa kifua. Huyo anahitaji ECG ya lidi 12.

Tetemeko la mkono nalo linadanganya vibaya. Tetemeko la ugonjwa wa Parkinson huenda mara 4 hadi 6 kwa sekunde, sawa na 240 hadi 360 kwa dakika, na hiyo ndiyo kasi ya mawimbi ya flata ya atria. Angalia lidi moja moja kwa mpangilio ule wa juu: mkono unaotetemeka ukiwa mmoja, kuna lidi moja kati ya I, II na III itakayobaki tulivu, na ndani yake utaona mawimbi P ya kweli.

Kuusoma

Fungua faili la PDF, usisomee kwenye skrini mstari ukiwa unakimbia. Mchoro umepangwa kwa milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kiboksi kidogo ni sekunde 0.04 na boksi kubwa ni sekunde 0.20. Ukichapisha, printa inaweza kuupunguza ukurasa uenee kwenye karatasi. Hesabu viboksi vya mchoro wenyewe na uache rula.

Mapigo: gawa 1500 kwa idadi ya viboksi vidogo kati ya R moja (ncha ndefu ya QRS) na inayofuata. Viboksi 23 ni mapigo 65. Mdundo usiolingana hesabu QRS zote za sekunde 30, zidisha kwa mbili. Kisha nenda lidi II. Kila QRS itanguliwe na P, na kila P ifuatwe na QRS. P ziwe na umbo moja mstari mzima. Urefu wa P usizidi milimita 2.5 na upana wake uwe chini ya viboksi vitatu. Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS, viboksi vitatu hadi vitano, yaani sekunde 0.12 hadi 0.20. QRS yenyewe chini ya viboksi vitatu. Malizia kwa aVR kuhakikisha P imepinduka. Mdundo wa sainasi wenye PR ya viboksi saba bado ni mdundo wa sainasi, ila una kuchelewa kwa daraja la kwanza, na programu inaweza kuupa neno "kawaida" bila kulitaja hilo. P zikiwa na maumbo matatu au zaidi, chanzo kinahama, na jina la sainasi halitoshi tena.

Takikadia ya sainasi ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi, na mara nyingi haina kosa la moyo: homa ya malaria, kuharisha na kuishiwa maji, upungufu wa damu, kutokwa damu, maumivu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, damu iliyoganda kwenye pafu. Tibu chanzo. Kazi ngumu ni kuitenga na flata inayopitisha wimbi moja kati ya mawili: atria zinakwenda karibu 300, ventrikali 150. Hapa kifaa kina faida kubwa kwa kuwa unaweza kukirekodisha hadi dakika 5. Mdundo wa sainasi unasogea: mgonjwa akitulia unashuka taratibu, mathalani 128, halafu 124, halafu 119. Flata inakwama kwenye 150 au karibu yake, dakika ya kwanza hadi ya tano. Katika II, III na aVF mstari wa chini haupumziki hata kidogo. Meno ya msumeno yanajirudia kila boksi kubwa moja. Tumia na umri: kasi ya juu ya nodi ya sainasi kwa makadirio ni 220 ukitoa miaka ya mtu. Mzee wa miaka 70 aliyeketi kitini na mapigo 150 amefika kwenye kilele ambacho hata mbio zingemfikisha kwa shida, kwa hiyo usikubali haraka kuwa ni sainasi. Kumbuka pia kwamba juu ya 140 programu haitakupa jina, na hapo ndipo msaada unapohitajika zaidi.

Bradikadia ina mtego mmoja tunaoomba kila msomaji aujue. Programu inaandika "bradikadia", mapigo 42, kila QRS ina P mbele yake, PR ni nzuri. Mtu anaridhika kwamba ni ya sainasi, hasa mgonjwa akiwa anatumia atenolol au bisoprolol, dawa zinazopunguza mapigo. Tazama wimbi T katika lidi II. Lina kinundu? Pima nusu ya umbali kutoka P hadi P. Kinundu kikiwa hapohapo katikati, hiyo ni P ya pili isiyopita, na hali ni kuziba kwa mbili kwa moja, yaani P mbili kwa kila QRS moja. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Kinundu kikija mapema kabla ya katikati, kuna uwezekano ni pigo la mapema la atria lililokuta njia bado imelala. Bradikadia ya sainasi yenyewe ni ya kawaida kwa wanariadha na kwa mtu aliyelala usingizi, na huletwa pia na dawa hizo tulizozitaja, tezi ya shingo iliyolegea, au shambulio la moyo la sehemu ya chini. Kizunguzungu na kuzimia vinabadilisha uzito wake wote, hata namba ikiwa ileile.

Aritimia ya sainasi, yaani mdundo wa sainasi usiolingana, huwatia watu hofu bure, hasa vijana. Tofauti kati ya R-R fupi na ndefu inazidi sekunde 0.12, mfano viboksi 18 na viboksi 25, lakini P ni zilezile na PR haibadiliki. Ukivuta pumzi mapigo yanaongezeka, ukiitoa yanapungua. Programu wakati mwingine inakataa kuuainisha mchoro wa namna hii. Rekodi tena, mgonjwa akibana pumzi kwa sekunde 10 katikati ya kipimo. Kipande hicho kikinyooka na kulingana, umepata jibu. Fibrilesheni ya atria haijali pumzi, na haina P.

Vituo virefu, yaani moyo kunyamaza kwa muda, ndipo sekunde 30 zinapokuwa chache, ila ukikinasa kimoja kipime kwa makini. Chukua mstari ambao P-P ni viboksi 20, yaani sekunde 0.80, kisha ghafla pengo lisilo na P wala QRS. Kwanza linganisha T iliyo kabla ya pengo na T nyingine. Ikiwa imechongoka kuliko wenzake, P ya mapema imejificha ndani yake, na hiyo ndiyo sababu ya vituo vingi. T ikiwa safi, pima pengo kutoka P hadi P. Viboksi 40 kamili ni mara mbili ya kawaida: nodi ilitoa umeme lakini haukutoka, yaani kizuizi cha kutokea sainasi. Viboksi 51 havigawanyiki kwa 20, hivyo nodi yenyewe ilinyamaza. Pengo la sekunde 3 au zaidi kwa mtu aliye macho halisubiri kliniki ya mwezi ujao. Na mzee ambaye michoro yake leo inaonyesha bradikadia, kesho kituo kirefu, keshokutwa mapigo ya kasi ya atria, nodi yake ya sainasi imechoka; mpelekee daktari michoro yote mitatu kwa pamoja, kwa sababu mmojammoja hautoi picha hiyo.

Mipaka, gharama na vitu vidogo

Kifaa hakina lidi za kifua, na watengenezaji wanasema wazi kwamba hakichunguzi shambulio la moyo. Maumivu ya kifua yenye jasho na mchoro "wa kawaida" ni safari ya hospitali bila kujadiliana na simu. Kwa mwenye betri ya moyo majibu ya programu yasitegemewe. Watoto nao mapigo yao ya kawaida ni ya kasi, na vipimo vya mtu mzima tulivyovitaja haviwahusu.

Kuna malipo ya hiari ya uanachama yanayoongeza majina mengine, kama mdundo wa sainasi wenye mapigo ya mapema ya ventrikali, wenye mapigo ya mapema ya juu ya ventrikali, au wenye QRS pana. Anayejua kusoma lidi II anaviona vyote hivyo mwenyewe kwenye PDF. Tungemshauri ahifadhi pesa yake. Mgonjwa anayeishi mbali na mtu wa kumsomea anaweza kufaidika.

Kabla ya kulipa, tafuta programu ya Kardia kwenye duka la programu la simu utakayoitumia, kwa akaunti ya nchi yako, na uone kama inapakuliwa na simu inakubalika. Bila programu kifaa hakichori chochote, kwani hakina skrini. Mawasiliano ni ya Bluetooth. Betri ni ya kidonge, CR2016, nayo inabadilishwa. Usichanganye na CR2032 iliyojaa madukani, hiyo ni nene na haiingii. Ukituma mchoro kwa WhatsApp tuma PDF kama faili, usipige picha ya skrini: picha inabanwa, viboksi vinapotea, na daktari anabaki na mstari asioweza kuupima.

Kwa zahanati isiyo na mashine ya lidi 12, kwa muuguzi anayefuatilia wagonjwa wa shinikizo la damu majumbani, na kwa mtu ambaye mapigo yake yanabadilika kwa muda mfupi kisha yanatulia kabla hajafika hospitali, tunakipendekeza bila kusita. Aliye na KardiaMobile ya lidi moja na tayari amegundulika kuwa na fibrilesheni ya atria hana haja ya kubadilisha. Anayetaka tu kijitaa cha kijani cha kumtuliza kila asubuhi, asinunue.